Goti na ugoko havina adui mmoja: kuchagua kinga za miguu kwa baiskeli ya mlimani

Tanga ni mji wa baiskeli. Simama asubuhi pale Ngamiani utaona muuza samaki, mwanafunzi, fundi ujenzi na mzee anayetoka msikitini, kila mtu juu ya magurudumu yake mawili, na hakuna hata mmoja aliyejifunga kitu magotini. Hawakihitaji. Mji ni tambarare, mwendo ni wa pole, na pedeli ya Phoenix imevikwa mpira. Mtu akianguka huanguka ubavu, hujikung'uta vumbi, safari ikaendelea.

Mambo hubadilika siku unapopata baiskeli ya gia yenye shokapu mbele na matairi ya meno, ukaipakia garini mpaka Muheza, ukapandisha nayo mpaka Amani, kule mlimani, halafu ukaigeuza uso kuelekea bondeni. Mimi nilijifunza hilo kwenye mteremko wa kutoka Amani kwenda Sigi. Usiku mvua ilinyesha, na asubuhi ule udongo mwekundu ulikuwa unateleza kama sakafu iliyomwagiwa maji ya sabuni. Kwenye kona moja mguu wangu wa mbele ukachomoka kwenye pedeli. Sikuanguka. Baiskeli nayo haikuanguka. Lakini kabla sijavuta breki, pedeli ilikwishapanda na kunigota ugokoni, na nilipoinama kutazama niliona vitundu vinne vimejipanga mstari, vyeupe pe, mfano wa vile vitundu vya biskuti. Kwa sekunde mbili hivi vilibaki vyeupe. Kisha damu ikaja yote kwa pamoja, ikateremka mpaka kwenye soksi.

Siku hiyo nilikuwa nimevaa kinga za magoti, mpya, za bei kubwa. Magoti yangu yalirudi nyumbani bila hata mkwaruzo. Nilikuwa nimetoa fedha kulinda mahali ambapo sikupigwa, na mahali nilipopigwa nilikuwa nimepaacha wazi. Tangu hapo, kijana akiniuliza, "Kaka, ninunue kinga gani?" simtajii jina la kinga. Ninamuuliza kwanza: unatarajia kupigwa na nini?

Anayekupiga ni nani

Goti hupigwa na ardhi. Ugoko hupigwa na baiskeli yako mwenyewe. Mkanganyiko wote unaanzia hapo, kwa sababu madukani vitu hivi viwili huwekwa pamoja, kwenye picha moja, mara nyingine vimeshonwa kuwa kitu kimoja, na mnunuzi hudhani tofauti yake ni urefu tu: fupi kwa mwenye fedha kidogo, ndefu kwa mwenye fedha nyingi. Sivyo. Ni majibu ya maswali mawili tofauti, na mtu anaweza kuwa na swali moja bila kuwa na la pili.

Nianze na ugoko, maana ndio usioeleweka. Unaposhuka mteremko wenye mawe husimama juu ya pedeli, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, mikono ya pedeli ikiwa imelala sambamba na ardhi. Uzito umegawanyika pande mbili. Mguu wa mbele ukiteleza, uzito wote unahamia wa nyuma. Pedeli ya nyuma inazama, ya mbele inapanda. Kwa mwelekeo huo pedeli zinazunguka kinyumenyume, na hakuna kinachozizuia, friwili inalia tu. Mkono wa pedeli una urefu wa milimita 170 hivi, na mwishoni mwake kuna bapa la chuma. Bapa hilo linapanda huku mwili wako mzima ukilisukuma kutoka upande wa pili, na kitu cha kwanza linachokutana nacho ni ugoko. Kama ni mguu wa nyuma ulioteleza, pedeli hupanda na kukupata shavu la mguu. Huko angalau kuna nyama.

Ugokoni hakuna nyama. Pitisha kidole kutoka chini ya goti ukishuka upande wa ndani wa mguu. Utahisi ngozi, kisha mfupa, basi. Kidonda cha hapo huchelewa kupona na hushonwa kwa tabu, kwa sababu ngozi yenyewe haina cha kuegemea. Tena vijino vya pedeli vimezunguka na udongo safari nzima, na vijidudu vya pepopunda huishi udongoni. Kwa hiyo kitundu cha pedeli, hata kama ni kidogo na hakitoi damu nyingi, kioshwe palepale kwa maji safi na sabuni, na mwenye nacho aende kituo cha afya kuuliza habari ya chanjo. Hilo sitaki mtu alichukulie kama jambo dogo.

Sasa tazama pedeli zako kabla hujatazama kinga. Pedeli bapa za baiskeli za mlimani huwa na vijino vya chuma kila uso, ili vishike soli ya kiatu. Vinasaidia sana, na vikikosa soli vinakula mguu. Ukipanda na pedeli za namna hii, hasa kama bado unajifunza kutuliza miguu kwenye matuta, ugoko wako uko hatarini kuliko goti, na kinga inayoishia chini kidogo ya goti haitakufaa. Kama pedeli zako ni za plastiki au mpira, pigo lipo lakini halichani, utapata uvimbe na uchungu wa siku tatu. Na kama unatumia pedeli zinazonasa kiatu kwa kipande cha chuma chini ya soli, zile ambazo Shimano walizileta kwa baiskeli za mlimani mwaka 1990, mguu hauchomoki ovyo, na kinga ya ugoko unaweza kuiacha dukani. Fedha hizo zipeleke magotini.

Kabla ya yote hayo, viatu. Nimewaona vijana wakishuka na yeboyebo, na kinga ghali magotini. Kiatu chenye soli bapa na laini, kinachofungwa kamba, huzuia mateke mengi ya pedeli kuliko kinga yoyote, kwa sababu mguu unabaki pale ulipo.

Je, vilinda ugoko vya wachezaji mpira vinafaa? Vinafaa kuliko watu wanavyodhani. Vina gamba gumu mbele, na gamba gumu ndilo linalozuia vijino visipenye. Vimepimwa kwa kipimo chake cha Ulaya, EN 13061, ambacho ni cha mpira wa miguu, na njumu na pedeli si kitu kimoja, lakini kazi zinakaribiana: kitu kidogo cha ncha kimekuja kwa kasi mbele ya mguu. Kijana asiye na fedha avae vilinda ugoko vya mpira chini ya soksi ndefu inayobana, na juu yake kinga za magoti za kawaida. Achague vile virefu vinavyokaribia goti, si vile vidogo kama kiganja ambavyo wachezaji wa siku hizi huvaa ili mwamuzi asiwatoe uwanjani. Kasoro yake ni kuzunguka. Baada ya nusu saa gamba huhamia pembeni, nawe unabaki na soksi tupu mbele. Mkanda mmoja wa velkro chini na mwingine juu huondoa tatizo hilo.

Ardhi inafanya mambo mawili

Goti ni habari nyingine kabisa. Pia ya goti ni mfupa mdogo uliokaa mbele ya kiungo, umeshikiliwa na kano kutoka juu na kano nyingine kutoka chini. Mtu akirushwa mbele kutoka kwenye baiskeli, viganja na magoti ndivyo vinavyotangulia. Na ardhi hulifanyia goti mambo mawili kwa wakati mmoja: hulipiga, halafu hulikwangua. Watengenezaji wengi wanazungumzia pigo. Ukweli ni kwamba kwenye barabara zetu za changarawe na udongo mkavu, kinachowaumiza watu mara nyingi zaidi ni kukwanguliwa, na kinga inayomeza pigo vizuri lakini kitambaa chake kinachanika mara ya kwanza inapogusa kokoto haijamaliza kazi.

Gamba gumu la plastiki linajibu mambo yote mawili kwa njia yake. Likikutana na jiwe lenye ncha, hulisambaza pigo kwenye eneo kubwa, na likishafika chini huteleza juu ya ardhi badala ya kushikwa nayo. Kushikwa ni hatari, maana goti likinasa huku mwili bado unakwenda, kiungo hujipinda. Kwa mteremko wa mawe matupu sijaona kinachoshinda gamba. Ila gamba halikunjiki. Ukipiga pedeli kwa saa nzima, ukingo wake husugua juu ya pia mpaka ngozi inachubuka, na joto hukaa ndani kama kwenye sufuria iliyofunikwa.

Sponji ya kawaida, ile iliyo kwenye kinga za voliboli, ni laini na nyepesi, na kwa sakafu ya ukumbi inatosha. Kwa mlima haitoshi. Ikiwa nyembamba hubonyea mpaka mwisho wakati bado pigo linakuja, na goti hukutana na jiwe kana kwamba hujavaa kitu. Vivyo hivyo kinga za mafundi vigae. Zimetengenezwa kwa mtu anayepiga magoti kwa muda mrefu, ndiyo maana zina kipimo chao tofauti, EN 14404. Mkanda wake wa nyuma ya goti ukikunja mguu mara elfu moja utakukata.

Kati ya gamba na sponji kuna vitu vya aina ya tatu, na hapo ndipo watu wengi huchanganywa na maneno ya matangazo. Ni sponji inayobadilika tabia kulingana na kasi ya kinachoigusa. Ukiibonyeza taratibu kwa kidole inazama. Ukiipiga kwa ghafla inakuwa ngumu kwa kitambo kile tu cha pigo, kisha inarudi kuwa laini. Inayojulikana zaidi ni D3O, yenye rangi ya chungwa, iliyobuniwa na Mwingereza Richard Palmer mwaka 1999, na watu wengi waliisikia mara ya kwanza wachezaji wa ski wa Marekani na Kanada walipoivaa kwenye Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2006.

Si uchawi, na unaweza kuona wazo lake jikoni kwako. Chukua konifulawa, changanya na maji kidogo kidogo kwenye bakuli mpaka iwe kama uji mzito. Zamisha kidole taratibu: kinaingia bila shida. Piga uso wake kwa ngumi: ngumi inasimama juu, na bakuli halirushi hata tone. Chembe za wanga zikisukumwa polepole hupata nafasi ya kupishana ndani ya maji, na zikisukumwa ghafla hukwama zote pamoja kama watu wanaotoka mlango mmoja kwa mbio. Kemia ya sponji hizi si ileile ya wanga, lakini tabia ni hiyo. Faida yake kwetu ni moja kubwa: unapopiga pedeli goti hukunjwa taratibu, kwa hiyo kinga inakwenda nawe. Ukianguka, inajua tofauti.

Ningekuwa na fedha ya jozi moja tu, kwa njia za Amani na Lushoto ningechukua sponji ya aina hii, yenye kitambaa kigumu kisichochanika upande wa mbele. Gamba ningeliacha kwa anayeshuka tu, anayepandishwa na gari.

Namba zilizo kwenye lebo

Ndani ya kinga iliyopimwa kuna lebo, na ikiwa kinga ina mfuko wa kutolea sponji, namba huwa zimechapwa kwenye sponji yenyewe. Alama ya CE, ile ya bidhaa za soko la Ulaya, peke yake haikwambii kitu kikubwa. Tafuta EN 1621-1. Hiki ni kipimo cha Ulaya cha kinga za viungo, na kilitengenezwa kwa ajili ya waendesha pikipiki. Baiskeli imekiazima. Ndiyo maana utaona kijipicha cha mtu juu ya pikipiki. Usidhani umeuziwa kitu kisicho chako.

Kipimo chenyewe kinaeleweka. Kinga huwekwa juu ya chuma cha duara, na uzito wa kilo 5 huangushwa juu yake kwa nishati ya juli 50. Kwa mahesabu ya kawaida hiyo ni sawa na kuangusha jiwe la mizani la kilo 5 kutoka urefu wa mita moja. Chini ya chuma kuna kifaa kinachosoma ni kiasi gani cha pigo kimepita. Kwa kiwango cha 1 wastani wa kilichopita usizidi kilonyutoni 35. Kwa kiwango cha 2 usizidi 20. Kwa hiyo namba ndogo kwenye mapigo ni kinga bora, lakini namba kubwa kwenye kiwango ni kinga bora, na wengi hugeuza hapo. Kilonyutoni 20 ni kama uzito wa tani mbili, na msomaji atashtuka. Asishtuke. Ni kwa kitambo kifupi mno, na juu ya chuma kisichonesa hata kidogo. Mguu wa mtu hunesa, na ardhi ya udongo nayo hunesa. Namba hizi ni za kulinganisha kinga na kinga, hazisemi mfupa wako utapata nini.

Herufi zinazofuata ndizo zenye siri. K ni goti. L ni mguu chini ya goti, yaani ugoko. Kinga ndefu inayofika karibu na kifundo lakini imeandikwa K tupu, imepimwa gotini tu. Hicho kipande cha chini ni sponji ambayo hakuna aliyeipima. Kinga iliyopimwa yote huandikwa K+L. Nimeshika mikononi kinga ndefu za kupendeza ambazo sehemu ya ugoko ilikuwa kitambaa kilichojazwa sponji nyepesi, kidole kikipenya kutoka mbele mpaka nyuma. Muuzaji hakuwa amedanganya. Lebo ilisema K. Mnunuzi ndiye asiyejua kuisoma. A na B ni ukubwa wa eneo lililofunikwa, B ikiwa kubwa zaidi.

Halafu kuna T+. Sisi watu wa pwani tuitazame hiyo. Ina maana kinga imepimwa pia ikiwa na joto la nyuzi 40. Sponji hizi hulainika kwenye joto, na sponji iliyolainika hupitisha pigo zaidi. Kinga iliyokaa kwenye begi juani kuanzia Tanga mpaka Muheza, mwezi wa Februari, haiko mbali na nyuzi hizo. Kwa mtu wa nchi ya baridi T+ ni pambo. Huko wanatafuta T-, inayopimwa nyuzi 10 chini ya sifuri. Kwetu ni kinyume.

Safari ina kupanda pia

Hapa ndipo ushauri mwingi wa mitandaoni unapotuacha. Umeandikwa na watu wa sehemu za baridi, ambako kinga huvaliwa nyumbani na kuvuliwa nyumbani. Tazama safari yetu. Kutoka Muheza unakwenda zaidi ya kilomita 20 kwenye joto la chini, kwenye michungwa na mikonge, mpaka Sigi. Ndipo kupanda kunaanza, kona baada ya kona ndani ya msitu, mpaka Amani iliyo karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, pale Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti mwaka 1902. Kupanda kunaweza kukuchukua saa moja na nusu. Kushuka ni dakika ishirini, thelathini. Kinga ina kazi kwenye hizo dakika thelathini. Muda mwingine wote ni mzigo.

Nani atavumilia kinga nzito kwa saa tatu za jasho? Ataivua njiani, ataifunga kwenye usukani, na akifika juu akiwa amechoka atasema "leo tu", akashuka bila kuivaa. Nimefanya hivyo mwenyewe, na nimewaona wenzangu wakifanya.

Kwa hiyo kuna njia mbili, na uchague moja kwa makusudi. Ya kwanza ni kinga nyepesi ya kuvaa kama soksi, yenye wavu nyuma ya goti ili upepo upite, ambayo utaivaa asubuhi na kuisahau. Inakubidi ukubali kwamba ulinzi wake ni wa wastani. Ya pili ni kinga nzito inayofunguka kabisa, kwa velkro au zipu, ambayo utaibeba mgongoni na kuivaa juu bila kuvua viatu. Zingatia hapo: bila kuvua viatu. Kinga ya soksi haipiti kwenye kiatu kilichojaa tope, na hakuna mtu anayevua viatu vya kamba kwenye mvua pale Amani ili avae soksi ya goti. Ukiona kinga nene, nzuri, ya kiwango cha 2, lakini ni ya kuvuta kama soksi, jiulize utaivalia wapi. Kwa wanaotoka Mombo kupandisha Soni na Lushoto hesabu ni ileile, ila pale ni lami na mteremko wa kasi, na kwenye lami mkwaruzo ni mbaya kuliko pigo.

Kinga ikishuka haipo

Tumefika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko vyote. Kinga ya kiwango cha 2 iliyoteremka vidole vitatu chini ya pia wakati unaanguka ni soksi ya bei mbaya. Kukaa mahali pake ndiyo ulinzi wenyewe, na lebo haipimi hilo.

Chukua futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa paja na mzunguko wa shavu la mguu, ukiwa umesimama na misuli imekaza kidogo. Watengenezaji hawapimi mahali pamoja. Wengine hupima sentimita 10 juu ya katikati ya pia, wengine 15. Soma jedwali la kinga unayoitaka, usitumie la nyingine, na usichukue M kwa sababu fulana yako ni M. Wapanda baiskeli wengi wa Tanga wana mapaja makubwa na miguu myembamba chini, kwa hiyo vipimo viwili hukataa kulala kwenye ukubwa mmoja. Kwa kinga ya soksi mimi hufuata paja, nikiwa kati ya ukubwa mbili nachukua ndogo, kwa sababu lastiki hulegea baada ya kufuliwa mara chache. Kwa kinga ya mikanda, kubwa, maana mkanda utakaza. Ila mguu ukianza kufa ganzi, kinga ni ndogo, hata kama imekaa vizuri kwa macho.

Ukiivaa dukani usisimame tu mbele ya kioo. Kunja goti kama uko juu ya pedeli. Kikombe cha kinga lazima kiangukie juu ya pia goti likiwa limekunjwa, maana ndivyo utakavyoanguka. Kinga nzuri hushonwa ikiwa imepinda tayari. Ukiilaza mezani hainyooki. Kisha shika ukingo wake wa chini uvute kuelekea kifundoni, kwa nguvu. Ikihama, pia ya goti ikabaki wazi, irudishe rafuni. Ardhi itavuta kuliko mkono wako. Mwisho chuchumaa na kuinuka mara ishirini, halafu papasa nyuma ya goti: kitambaa kilichojikunja hapo leo kitakuwa kidonda kesho.

Mitumba, na fundi

Wengi wetu tutanunua mitumba, na sioni ubaya. Bonyeza sponji kwa dole gumba mpaka mwisho, uachie. Irudi yenyewe, bila makunyanzi. Iliyokauka, inayobaki na shimo au inayomwaga unga, iache hata ukipewa bure. Gamba likunje kidogo kwenye mwanga utafute nyufa nyembamba kama unywele. Velkro iliyolegea isikutishe. Aghalabu imejaa nyuzi, na mswaki mkuukuu huirudishia uhai.

Lastiki iliyokufa pia hubadilishwa. Nilipeleka yangu kwa fundi viatu wa Makorora. Nikamwamkia, "Shikamoo fundi," akaitika huku akiigeuzageuza, akaipapasa ukingoni kwa ukucha kama mtu anayetafuta mwiba. "Mwanangu, hapa mbele sindano haipiti," akasema. "Nikitoboa hili sponji nimeliua. Nitashona huku pembeni tu, kwenye kitambaa." Akaweka lastiki mpya ya upana wa vidole vitatu, kwa uzi wa viatu, mishono miwili sambamba. Mpaka leo haijaachia, na sponji haijaguswa.

Jasho letu la pwani lina chumvi, na chumvi hula lastiki. Suuza kinga jioni ileile kwa maji ya kawaida, sabuni kidogo, toa sponji kama inatoka, usitie dawa ya kung'arishia nguo. Anika kivulini. Juu ya bati la moto hapafai.

Jambo moja kinga hizi hazifanyi, nami ningependa lijulikane wazi: hazizuii goti kujipinda. Kano za ndani zikikatika ni kwa sababu mguu ulinasa na mwili ukazunguka, na sponji ya mbele haina mkono katika hilo. Goti lililovimba usiku uleule, au lisilokubali kubeba uzito, linahitaji daktari.

Ukifika Amani, kabla ya kugeuka, kaa pembeni ya barabara upumzike mpaka jasho lipungue. Futa miguu kwa kitambaa, maana ule utepe wa silikoni ulio ndani ya ukingo wa kinga haushiki ngozi iliyolowa. Vaa kinga goti likiwa limekunjwa, kaza mkanda wa juu kwanza, halafu wa chini, halafu simama, piga hatua kumi, uurudie wa juu. Na kama usiku kulinyesha, kwangua tope kwenye vijino vya pedeli na chini ya soli kabla hujapanda.